Shangazi Aliyefichwa

Kila siku kabla ya shule nilipiga pasi nguo za wateja katika chumba cha mbele, ambamo baba alishonea. Baba ni fundi cherehani, na si mtu wa kutupa kitu. Vipande vya vitambaa vilikuwa na sanduku lao, vifungo kopo lao, na dawa zilizobaki nazo zilikuwa na kopo lao. Mtu akiumwa tumbo, baba alipekua kopo lile kama anayetafuta kifungo cha kufanana, akampa vidonge viwili vya antibiotiki. Nilivimeza tangu nikiwa mdogo. Nilipofika darasa la sita havikunisaidia tena.

Niliharisha wiki baada ya wiki, kisha nikaanza kuona damu chooni. Nilikonda hadi wenzangu wakanibandika jina la Sindano.

"Sindano, uzi umekatika tena?" waliuliza kila nilipoomba ruhusa ya kutoka. Darasa zima lilicheka. Nami nilicheka, maana kulia kungewafurahisha zaidi. Nyumbani mama alinigombeza eti ninakula ovyo barabarani. Sikuwa nimekula chochote barabarani, lakini nani aliniamini?

Hatimaye baba alinipeleka zahanati. Daktari wa pale aliniuliza mengi, kisha akamgeukia baba.

"Mzee, katika ukoo wenu kuna mtu aliyewahi kuugua tumbo hivi, kwa muda mrefu?"

"Hakuna," baba alijibu upesi. "Sisi sote ni wazima wa afya."

Basi nikapewa dawa za amiba, tukarudi nyumbani. Miezi minne ikapita. Siku moja nikaanguka palepale kwenye meza ya kupigia pasi, na suruali ya mteja ikaungua. Nilipozinduka, sauti ya kwanza niliyoisikia ilikuwa ya baba akiulizia ile suruali. Hilo sijalisahau.

Nililazwa hospitali kubwa. Siku ya pili mchana akaingia wodini mwanamke mwembamba mwenye macho na masikio ya baba kabisa.

"Mimi ni shangazi yako," aliniambia. Sikujua kama nina shangazi.

Baba, aliyekuwa ameketi na mama kando ya kitanda changu, alisimama. "Nani amekuita?"

"Mimi," alisema mama. "Mtoto anakwisha, wewe unalinda jina! Wifi, mwonyeshe."

Shangazi aliinua pindo la blauzi. Tumboni alikuwa amebandikwa mfuko mdogo wa kupokea choo.

"Nilianza kuharisha damu nikiwa na umri wako," alisema. "Nilichelewa kutibiwa, utumbo mpana ukaondolewa. Baba yako akasema nimeleta mkosi, wateja wakisikia watakimbia. Akanitengea sahani yangu peke yangu. Nikaondoka."

Daktari wa wodi alikuwa akimhudumia mgonjwa wa kitanda cha jirani, na alisikia yote. Akaja kuketi karibu nami.

"Nadhani una ugonjwa kama wa shangazi yako. Kwanza, hauambukizi," alisema. "Tumboni mwa kila mtu wamo bakteria wengi mno, na wengi wao wanatusaidia. Kinga ya mwili hukaa nao kwa amani. Kwako wewe kinga imewageuka, inapigana, na utumbo unavimba na kutoka vidonda. Jeni ulizorithi zinaweza kuufungulia mlango ugonjwa huu, lakini peke yake hazitoshi. Mazingira nayo yamo: chakula, moshi wa sigara, dawa tunazomeza."

"Hata za kwenye kopo?" niliuliza.

"Antibiotiki huua bakteria wabaya na wazuri pamoja. Siwezi kusema ndizo zilizokuuguza, lakini hukupaswa kuzimeza ovyo. Kuhusu shangazi, zahanati wangejua habari zake, wangekuleta hapa siku ileile."

Baba aliinamisha kichwa. "Niliona aibu. Dada, nisamehe."

Shangazi alimpa mgongo, akanifunika shuka.

Nilipimwa, ugonjwa ukathibitika, na ikaonekana sehemu ya utumbo imeshaharibika. Wakaikata. Sasa kuna dawa nitakazotumia miaka mingi. Sijapona, ila ugonjwa umetulia, na damu imekoma. Laiti miezi ile minne ingerudi! Nilikasirika hadi nikashindwa kula.

Siku ya kutoka, shangazi alinisaidia kuvaa viatu. Baba alisimama mlangoni na begi langu.

"Kaka," shangazi alimwambia, "jeni ni za ukoo, hukuzichagua. Kwa hilo sikulaumu. Lakini uliulizwa ukiwa na jibu mdomoni, ukalimeza, na aliyekatwa utumbo ni mtoto." Kisha akanigeukia. "Nawe mwanangu, ukiulizwa na daktari habari za mwili wako au za watu wako, sema ukweli wote, hata kama unaona haya. Hawezi kutibu asichoambiwa."

"Nimesikia," alisema baba. "Sitaficha tena."

Nilimwamini. Akaninyoshea mkono aniongoze nje. Mimi nikashika wa shangazi.