Pikipiki Iliyomeza Maji

Kila asubuhi Daphrose alichuma majani ya lengalenga, yaani mchicha, katika shamba lao dogo, pembeni mwa Carama. Aliyafunga mafungu mafungu. Mumewe, Télesphore, aliyapakia kwenye pikipiki yao ya magurudumu manne. Pikipiki hiyo ilikuwa kuukuu, lakini matairi yake manene yalipita kwenye tope ambako magari yalikwama. Wakulima wenzao nao walimpa mizigo yao aipeleke sokoni. Kazi hiyo ndiyo iliyowalisha wao na binti yao, Kelly.

Kati ya shamba na barabara kulikuwa na kijito. Wakati wa kiangazi hata kuku alikivuka. Wakati wa mvua, kilijaa.

Télesphore alikuwa na dawa yake: mbio.

"Maji yanaogopa mutu wa mbio," alikuwa akisema.

Asubuhi moja, baada ya mvua kubwa, aliingia kijitoni kwa kishindo. Maji yaliruka pande zote. Callixte, mfyatua matofali aliyechimba udongo ukingoni, alipiga makofi.

"Songa, shoferi! Songa!"

Katikati ya maji injini ilikohoa, kisha ikazima. Mafungu ya lengalenga yakaanza kuelea. Daphrose, aliyekuwa akitazama kutoka shambani, alishika kichwa. Wakiipoteza mashini hii, watakula nini?

Télesphore akataka kuiwasha tena.

"Apana! Usiwashe!"

Sauti ilikuwa ya Mathilde, jirani yao. Mama huyo alitoka Uvira, na zamani aliendesha magari na pikipiki za namna hii kwenye njia mbaya za milimani. Alikunja kitenge, akaingia majini.

"Tusukume kwanza. Maneno baadaye."

Walipoifikisha pakavu, Télesphore aliuliza kwa sauti ndogo, "Imekufa?"

"Bado sijui. Injini inapumua kama we. Hapa chini ya kiti ndipo inapovuta hewa. Leo imevuta maji. Hewa inakubali kubanwa, maji hayakubali. Ungeiwasha kwa nguvu, chuma cha ndani kingepinda."

Alifungua kichujio cha hewa. Maji yakamwagika. Akatoa buji, yaani kile kidude kinachotoa cheche. Akaizungusha injini kidogo, na maji yakaruka kupitia tundu la buji. Kisha akawaonyesha oili. Ilikuwa nyeupe kama chai ya maziwa.

"Hii imechanganyika na maji. Tuimwage yote, tutie mpya."

Walisafisha, wakakausha, wakatia oili. Walipoona nayo inakuwa nyeupe, wakaibadilisha tena. Jua lilikuwa kali Mathilde aliposema, "Haya, washa."

Injini ilikohoa, ikatoa moshi, ikanguruma.

"Mungu ni mwema!" alisema Daphrose. "Aksanti, Mama Mathilde. Aksanti sana."

"Shukuruni, lakini mnisikilize pia. Papa Kelly, kabla ya kuingia kwenye maji, shuka. Maji yakiwa yametulia, pima kina kwa fimbo. Yakikaribia kiti, rudi. Yakiwa machache, pita polepole, bila kusimama. Ukitoka, bonyeza breki kidogo kidogo mpaka zikauke. Na maji yanayokimbia usiyajaribu. Yanabeba mashini na mutu wake."

"Nitajuaje kama yanakuja?"

"Usitazame jua la hapa Carama. Tazama milimani. Mvua ikinyesha kule, maji yanakuja huku. Yakibadilika rangi, yakileta majani, kaa mbali."

Wiki iliyofuata Télesphore na Daphrose walifika kijitoni na mzigo. Jua liliwaka. Maji yalifika chini ya magoti tu. Lakini milima ilikuwa imefunikwa na mawingu meusi. Télesphore aliinama, akatazama. Maji yaligeuka mekundu. Majani yakapita, kisha vijiti.

Akarudisha pikipiki nyuma, mbali na ukingo.

"Callixte! Toka huko chini! Maji yanakuja!"

"Yoo! Maji ya magoti yamekutisha?" Callixte alicheka. "Mupe Mama Kelly usukani!"

"Atauchukua siku nyingine. We panda kwanza!"

Callixte alipanda juu ili amcheke vizuri. Hakuwahi kumaliza kicheko chake. Ngurumo ilisikika, na maji yakashuka kwa nguvu yakibeba matawi na mgomba mzima. Pale alipokuwa akichimba hapakuonekana tena. Koleo lake lilikuwa limekwenda.

Alikaa chini kwenye majani.

"Shoferi," alisema baadaye, "aksanti."

Walingoja mpaka alasiri maji yalipopungua na kutulia. Télesphore alipima tena kwa fimbo. Kwenye njia yao ya kila siku, maji yalikuwa yamechimba shimo refu. Alitafuta mahali pengine penye udongo mgumu. Akavuka polepole, bila kusimama. Ng'ambo akakausha breki.

Sokoni, mafungu ya lengalenga yalikuwa yamelegea. Wateja walinung'unika, lakini walinunua.

Waliporudi, giza likianza kuingia, Daphrose alikwenda kwa Mathilde. Alimkuta akichekecha unga mlangoni.

"Karibu, dada. Nimesikia ngurumo ya yale maji. Mashini haikumeza maji tena?"

"Apana, iko salama. Lakini mi sikuja kwa ajili ya mashini." Daphrose alimshika mikono yote miwili, myeupe kwa unga. "Nimekuja kukuambia kwamba tulikusikiliza, na Papa Kelly yuko nyumbani. Anakula."