Jicho la Kushoto la Fundi Saa

Kila alipotoka shuleni, Mshale alipitia kibandani kwa baba yake, fundi saa. Jina hilo alipewa na baba mwenyewe kwa sababu hakujua kutulia, kama mshale wa sekunde. Siku moja alimkuta ameinamia saa, lenzi ameibana kwenye jicho la kulia, la kushoto amelifumba kama kawaida yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Usipumue hapo, utanipeperushia skrubu."

Mshale akamwekea chai upande wa kushoto. Baba alipogeuka, kiwiko kikakigonga kikombe, chai yote ikaingia kwenye droo.

"Lo! Wewe nawe, chai unaificha?"

"Si hapo mbele yako, baba!"

Wakacheka. Siku hizi baba alikuwa akigonga kila kitu, milango, ndoo, hata watu. Mama alimwita Bwana Kishindo, na utani ukaishia hapo.

"Leo mwalimu katufundisha mazoezi ya macho," Mshale alisema. "Ukikazia macho kitu cha karibu, kila baada ya muda pumzika, pepesa, tazama mbali, kisha tazama kidole gumba. Jicho moja moja. Inuka!"

"Macho yangu yanafanya mazoezi kutwa, ndiyo yanayotulisha."

"Baba, jamani!"

Baba akasimama mlangoni, akaziba jicho la kushoto. "Naona tangi la maji. Naona kunguru juu yake. Naona na binti msumbufu."

"Haya, ziba la kulia."

Akaziba.

"Kunguru bado yupo?"

Baba alilisugua jicho, akaziba tena. "Mshale, uko wapi?"

Alikuwa amesimama mbele yake. Hofu ikamshika Mshale, akakimbia kumwita mama.

Kesho yake walikwenda hospitali wote watatu. Daktari wa macho, mwanamke asiye na maneno mengi, alimpima baba kwa muda mrefu.

"Ni presha ya macho," alisema. "Haiumi, inanyemelea tu. Na wewe kazini jicho hili unalifumba, ungejuaje kwamba linakufa?"

"Litarudi?"

"Halitarudi, kaka yangu."

"Atafanya mazoezi asubuhi na jioni!" Mshale alidakia huku machozi yakimtoka.

"Mazoezi hupumzisha macho yaliyochoka, mwanangu. Hayaponyi ugonjwa. La kulia nalo limeanza kuguswa, ila tumeliwahi. Atatia matone kila siku, maisha yake yote. Akiacha, atakuwa kipofu."

Mama alijifunika uso kwa kanga. "Na mimi nilikuwa namcheka akigonga vitu!"

Kibanda kilifunguliwa tena. Baba alitia matone bila kukosa, na kila vipimo viliporudiwa, jicho la kulia lilikuwa halijaharibika zaidi. Kila alasiri yeye na Mshale walisimama mlangoni wakitazama tangi ili kuyapumzisha macho.

"Nimekagua saa za watu miaka yote, macho yangu sikuyakagua hata mara moja," baba alisema siku moja. "Mwanangu, hata kiungo kisichouma kipeleke kipimwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na huu wangu wa kushoto haujengeki tena."

Mshale alikichukua kikombe cha chai, akakihamishia upande wa kulia.