Jimbo Lisilo na Mlango

Doa lenyewe lilikuwa dogo, halizidi ukucha, lakini lilinuka kama kidonda kilichofungwa bandeji siku nyingi. Mchora ramani aliliona asubuhi, katikati kabisa ya ramani ya mchezo wa vita wa ubaoni aliyoihangaikia miezi minne. Mwenye kampuni ya michezo alikuwa anaisubiri saa sita, na mwanamke huyu mchoraji hakuwahi kuchelewesha kazi hata siku moja.

Alikuwa na ujanja wake. Ili wachezaji wasichanganyikiwe, maumbo ya majimbo aliyanakili kutoka kwenye vyumba vya nyumba yake mwenyewe: jiko likawa jimbo, ukumbi jimbo, chumba cha binti yake jimbo. Mtu hapotei kwake, alipenda kusema. Doa lilikuwa limekaa kati ya jiko na chumba cha binti, mahali ambapo nyumbani pana ukuta mtupu. Na katika kazi yake kuna sheria isiyovunjwa: ramani inayosomeka haina mahali pasipo na mwenyewe. Basi badala ya kuanza upya, akalizungushia doa mpaka mnene, akalipaka kahawia, akalipa jina, akalifungulia njia ya kwenda jikoni na nyingine ya kwenda chumbani. Akaipiga ramani picha, akaituma, akajipongeza, masikini.

Kesho yake ukuta ulianza kunuka. Mumewe, fundi viatu, alisema ni panya amefia humo. Akabomoa plasta, panya hakumwona. Alikuta uteute mzito kama makamasi, umejaa nywele, na nywele zenyewe zilikuwa vuguvugu. Alitapika palepale.

Siku ya tatu, mchana kweupe, mchora ramani aliitazama ramani yake ukutani akaona kahawia imevuka mpaka na kulijaza jimbo la jiko, bila kutoka nje ya mstari hata kidogo. Na huko jikoni sufuria zilikuwa zinatoka jasho la manjano, maji ya ndoo yamefunga utando, mkate ukikatwa unavutika nyuzinyuzi kama kohozi la mgonjwa, na ndani ya ukuta ikasikika sauti ya ulimi mpana unaolamba, unapumzika, unalamba tena, kila mara karibu zaidi na chumba alimolala binti yake wa miaka tisa, ambaye tangu asubuhi alikuwa anakohoa vitu vya kahawia kwenye leso. Mchora ramani aliogopa, lakini zaidi ya hofu alijaa kinyaa, kinyaa cha kutaka kujivua ngozi.

Wakamwita shangazi yake, muuguzi mstaafu aliyetoa majini mtaani kama wengine wanavyong'oa meno. Alikuja ameziba pua kwa mtandio. Ukuta hakuushughulikia. Aliisoma ramani, jimbo kwa jimbo.

"Hili halijakataa kuondoka," alinong'ona. "Umelipatia chumba, ukalipatia na njia za kuingia kwenu. Mlango wa kutokea uko wapi?"

Mchora ramani hakuuchora. Kwenye mchezo ukingo wa ubao ndio mwisho wa dunia, na mlango ungewatatiza wachezaji bure.

"Basi uchore sasa hivi. Na uchore vizuri, mwanangu, lisije likakosea njia likapitia kwa mtoto."

Akaishusha ramani mezani. Njia ya chumbani akaiziba kwa mistari miwili myekundu. Halafu akachora barabara nyeupe, pana, yenye mshale kila kona, kutoka kwenye doa, kupitia jikoni na ukumbini, hadi nje ya karatasi. Maishani mwake hakuwahi kuchora kitu kinachosomeka kama kile.

Likapita. Hawakuliona, waliona sakafu tu ikilowa upana wa godoro, ute wa manjano wenye nywele na kucha ukijiburuta polepole. Mbele ya mlango wa mtoto lilisimama, likaulamba mlango mara moja, kutoka chini hadi juu. Kisha likatoka nje. Walisugua nyumba kwa sabuni mara tatu. Jioni binti aliacha kukohoa, akaomba chakula.

Miezi miwili baadaye mwenye kampuni alipiga simu akicheka kwa furaha. Ramani imependwa mno, alisema, hasa lile jimbo la kahawia, kila mchezaji analing'ang'ania. Nakala elfu tatu zimeshafika madukani, na boksi la zawadi lilifikishwa nyumbani kwake asubuhi hiyo.

Mchora ramani akaikumbuka picha aliyoituma siku ile. Picha ile haikuwa na mlango.

Boksi alilikuta ukumbini, limeshafunguliwa. Binti alikuwa chumbani, amekaa kitandani na ubao mapajani, kidole juu ya kahawia.

"Mama, njoo uguse," alisema taratibu. "Lina joto."

Kisha akakilamba kidole.