Opereta wa Mubale na Laini ya Tatu

Ndugu zangu, asubuhi ile ya Machi 2013 ilianza vizuri tu. Hospitali yetu ya misheni ya Mubale, njia ya Kibondo kwenda Kasulu, ilikuwa imeshafagiliwa, wagonjwa wanakunywa uji, nami niko mapokezi naandika kadi. Pembeni yangu alikaa Nickson, opereta wetu, mbele ya swichibodi yenye laini sita za simu. Taa ya laini ikimetameta nyekundu, ujue kuna mtu amewekwa asubiri. Dakika moja ikipita, mashine hulia kengele kumkumbusha opereta. Nickson alikuwa ameizima kengele hiyo siku nyingi, akidai inamuumiza kichwa.

Laini ya tatu ikaita. Alikuwa Felisiani, mkulima wa mihogo upande wa Mabamba. Mkewe, Esteri, alikuwa na uchungu tangu jana yake, na sasa damu ilikuwa inamtoka. Kijijini kwao mtandao hushika mahali pamoja tu, juu ya kilima. Chini, majirani wanne walikuwa wameshamlaza Esteri kwenye ngobyi, machela yao ya kubebea wagonjwa mabegani, wakingoja neno: gari linakuja, au wambebe wenyewe? Haya niliyasikia baadaye kwa mdomo wa Felisiani mwenyewe.

"Bwana mkubwa, naomba gari. Mama watoto anaisha."

"Subiri hapo hapo, usikate," alijibu Nickson, akabonyeza kitufe. Muziki wa kusubirisha ukaanza.

Je, alikwenda kumwita dereva? Thubutu! Kwenye laini ya kwanza kulikuwa na ofisa mmoja anayeulizia kama chakula cha kikao cha Ijumaa kitakuwa na kuku. Nickson akaongea naye kama anaongea na mkwe: kuku, pilau, soda, halafu mpira. Ndivyo alivyofanya kazi, wakubwa kwanza, mwenye Kiswahili chenye lafudhi ya Kiha angoje. Na Rashid, dereva, alikuwa hapo nje anafuta vioo vya gari, tangi limejaa. Hatua ishirini tu, jamani!

Niliiona ile taa. Nikasema, "Kaka Nickson, laini ya tatu kuna mtu."

"Dada Yusta, andika kadi zako."

Nikaandika. Naona aibu mpaka leo.

Felisiani alisimama kilimani dakika arobaini, simu sikioni. Angeteremka, mtandao ungekatika, na hospitali imemwambia asikate. Huku kwetu neno la mtu wa ofisini ni amri. Akawapungia majirani mkono kwamba watulie, simu imepokelewa. Nao wakatulia. Chaji ilipoisha ndipo akakimbia chini, wakambeba mkewe.

Esteri alifia njiani, mtoto akiwa tumboni. Walikuwa wamebakiza kilima kimoja kufika barabarani.

Wiki iliyofuata Felisiani alikuja, kofia mkononi. Nilidhani amekuja kupigana, na moyoni nilitamani apigane.

"Samahani, bwana. Ni wewe uliyepokea simu yangu, ya kutoka Mabamba?"

"Siku ile simu zilikuwa nyingi," alisema Nickson.

"Mimi sikukata. Uliniambia nisikate, na sikukata. Simu ilizimika yenyewe. Nimekuja usije ukafikiri nilikudharau."

Alikuja kuomba radhi! Yeye! Nickson aliinamisha kichwa. Baadaye alihamishiwa stoo, na habari ikaishia hapo.

FUNZO

Wewe uliyekalishwa mbele ya simu, mtu uliyemweka asubiri yuko mikononi mwako mpaka umrudie. Mrudie upesi, umwambie kweli. Akijua gari halipo, atabeba mgonjwa wake. Nawe unayemwona mwenzako akizembea, usijifiche nyuma ya kadi kama nilivyojificha mimi. Inuka, tembea hizo hatua ishirini, umwite dereva. Na ninyi wapigaji wa vijijini, msituogope hivyo. Tukiwasubirisha sana, kateni simu, mwanze safari. Opereta akikasirika, atapoa. Esteri hatarudi.