Zuhra na Michango Iliyoliwa Kiwandani

Ndugu zangu, kiwanda cha Filbert pale Nachingwea kilikuwa mahali pa amani. Wanawake walibangua korosho huku wakitaniana, na Zuhra, mwenye mimba ya miezi saba, ndiye aliyecheka kuliko wote. Kila mwezi alikatwa mchango wa hifadhi ya jamii. Alijua akijifungua, mafao yangemsitiri.

Asubuhi moja walikuta geti limefungwa kwa mnyororo. Bosi amefilisika! Zuhra akakimbilia ofisi ya mfuko wa hifadhi ya jamii.

"Dada, mwajiri wako hajaleta mchango tangu mwaka juzi," akaambiwa.

Mtoto wake wa kwanza alimfia njiani, wakimpeleka hospitali kwa miguu kwa kukosa nauli. Sasa, bila mafao, hofu ile ikamrudia.

Jioni Bi Sabaha, mbanguaji mwenzake aliyeugua kifua, alimnong'oneza: "Mwanangu, mashine za kiwanda zinapakiwa kwenye lori. Zinafichwa Ruangwa."

Kesho yake Filbert mwenyewe akabisha hodi nyumbani kwa Zuhra. Alisimama mlangoni akitabasamu, akauziba mwanga wote.

"Mdogo wangu Zuhra, nasikia ulikwenda ofisi ya mfuko. Ukifungua mdomo tena, hakuna atakayekuajiri tena huku."

Alipoondoka, Seleman, mumewe, akafunga mlango kwa komeo. "Nyamaza, mke wangu. Yule ana watu."

Wangapi kati yetu tumenyamazishwa hivyo?

Zuhra hakunyamaza. Alirudi ofisi ya mfuko, kila pikipiki iliyopita nyuma yake ikimshtua, akaeleza yote.

"Mchango wenu haukuwa mali yake," ofisa akamwambia. "Mwajiri akifilisika, unalipwa kabla ya madeni ya kawaida ya wafanyabiashara. Lakini mali ikishatoroshwa, mtalipwa kwa kipi?"

Ofisa akawaita polisi, nao wakalikuta lori Ruangwa, mashine zingali juu yake. Mfilisi, yaani msimamizi wa mali aliyeteuliwa na mahakama, akaziuza, akaitanguliza michango ya wafanyakazi. Filbert akashtakiwa.

Hata hivyo, haki ilikuja kwa mwendo wa kinyonga. Zuhra alijifungua salama kwa michango ya majirani. Mafao yalipotoka, mtoto alikuwa anatambaa. Bi Sabaha yeye hakuyaona yake. Walikuwa wameshamzika.

FUNZO

Mwajiri anayekata mchango asiupeleke anakula uzee na uzazi wa watu. Nanyi wafanyakazi, ulizeni michango yenu kiwanda kingali kinanguruma. Sheria inawatanguliza, lakini haimfufui aliyekufa akisubiri.