Mkasi Ndani ya Bitana

Likizo ile, kila Jumatatu na Alhamisi asubuhi, Sindano alimshikia baba yake koti zito la sufu. Baba alipenyeza mkono mmoja, kisha wa pili, wakaenda hospitali. Baba alikuwa fundi cherehani. Figo zake hazikufanya kazi tena, kwa hiyo damu yake ilisafishwa na mashine, na mashine ile humtia mtu baridi.

Mashine zilikuwa nne. Mbili zilikuwa mbovu tangu siku wakubwa walipokuja kuzizindua na kupiga picha mbele ya mashine hizo. Wagonjwa hawajaisahau siku ile, wala keki waliyoitazama ikiliwa na wakubwa hao.

Kwa wiki mbili sasa, baba alitoka kwenye mashine kama mtu aliyeamshwa katikati ya ndoto. Alimwita Sindano kwa jina la shangazi. Siku moja dukani aliigeuzageuza suruali kama ameiokota barabarani.

"Hii ya nani?"

"Ya mwalimu, baba. Umeishona wewe."

"Mimi? Kwani mwalimu ana miguu mitatu?"

Wateja walicheka. Sindano naye alijaribu kucheka, kisha akaichukua suruali akaikunja.

Kilichomwumiza baba zaidi ni mkasi. Mkasi ule mkubwa wa chuma, aliourithi kwa babu, ulikuwa umetoweka. Alipekua kila droo.

"Akili imenitoka, mwanangu. Fundi asiyejua mkasi wake ulipo ni fundi gani? Mwisho wa mwezi namwachia jirani cherehani."

Sindano aliinamisha kichwa. Mkasi aliujua ulipo. Alikuwa ameuchukua kwa siri akakatia maboksi ya kazi ya shule, na kila mtoto wa fundi anajua kwamba mkasi wa kitambaa hauguswi na karatasi. Ukawa butu. Basi alifumua bitana ya koti la baba, akautumbukiza ndani, akashona vizuri. Alitaka ampe mnoaji visu wa getini hospitali. Mnoaji hakuwepo siku ile, wala mara zilizofuata. Baba alilalamika koti limekuwa zito, akadhani ni udhaifu wake. Sindano akanyamaza, na kadiri alivyonyamaza ndivyo kusema kulivyozidi kuwa kugumu.

Alhamisi, muuguzi alimpandisha baba kwenye mizani kama kawaida, na koti lake mwilini.

"Koti lako nalijua, kilo mbili, natoa. Lakini umezidi uzito wako kwa kilo nne, kaka! Unakunywa mto?"

"Dada, sijagusa maji. Ulimi umekauka kama soli ya kiatu."

"Mizani haina ugomvi na mtu. Ila presha yako inashuka kila mara, hata daktari anashangaa."

"Hizo kilo nne mnazipeleka wapi?" Sindano aliuliza.

"Ni maji. Mashine inayavuta kwenye damu. Yakivutwa kupita kiasi, presha inaanguka, damu haifiki ya kutosha kwenye ubongo. Mtu anapotea akiwa amekaa palepale."

Sindano aliinuka. Akamtazama baba, akalitazama koti.

"Sista, mvue koti."

"Ataganda huyu!"

"Mvue! Lina kitu ndani. Nilikiweka mimi."

Sindano alizikata nyuzi kwa meno. Mkasi ukatoka. Muuguzi akauweka kwenye mizani: karibu kilo nzima.

"Mungu wangu. Kila mara tulimvuta maji ambayo hakuwa nayo!"

Baba alipitisha kidole kwenye makali.

"Umekatia nini?"

"Boksi, baba. Nisamehe."

"Boksi! Si bora ungenikata kidole?" Kisha akaufunga mkasi taratibu. "Kumbe sijawa mwendawazimu."

Muuguzi alimwita daktari apange upya kiasi cha maji, kisha akaketi karibu na Sindano.

"Kosa langu pia. Nilipaswa kumpima bila koti, lakini watu ishirini kwa mashine mbili, nakimbia tu. Hilo nitalisema kwa wakubwa mpaka wachoke. Wewe, binti, kumbuka: mgonjwa tunamtibu kwa yale tunayoyajua. Ukificha jambo, hata dogo, sisi tunaendelea kutibu, na dawa inageuka madhara. Kosa liseme lingali bichi."

Saa nne baadaye baba alishuka kitandani, akasimama wima, akalivaa koti. Likawa jepesi.

"Sindano," alisema, "twende getini tukamwangalie mnoaji. Na suruali ya mwalimu inanisubiri. Leo naipunguza ule mguu wa tatu."