Kombe la Karatasi ya Chupa

Asubuhi kijiji cha Mshangano huwa na ukungu. Ukikaa barazani unaona paa za nyumba zinaelea, kuta huzioni. Nilikuwa nimefikia kwa Chande, Myao wa Tunduru, muuza chumvi na kaniki. Vita ya Maji Maji ilikuwa na miaka mitatu tangu iishe. Watu walibaki wachache. Nyuki walikuwa wengi.

Mwamvua, mke wa Chande, aliumwa kichwa siku tatu. Chande alikuwa na chupa ya vidonge vya maumivu, aliinunua Kilwa.

"Nimempa na kombe lake," aliniambia.

Kombe mnalijua. Mwalimu huandika aya kwa zafarani kwenye sahani, huziosha kwa maji, mgonjwa hunywa maji hayo. Sasa Chande aliona karatasi ya ile chupa imejaa maandishi ya Kijerumani. Akaibandua, akailoweka, akamnywesha mkewe maji yake. Kisha vidonge: viwili alfajiri, viwili jua lilipochomoza, vitatu baadaye kidogo. Na mama wa watu hajala kitu.

"Baba Tabu," Mwamvua alimwambia mumewe polepole, "nyuki wameingia ndani."

"Hakuna nyuki."

"Wapo. Wanaimba. Kaka Sefu yumo kati yao. Ananiita mtoni."

Sefu alikufa vitani. Alinyweshwa maji ya dawa, akaambiwa risasi hazitampata. Chande akamimina vidonge viwili zaidi kiganjani.

"Hodi! Myao, chumvi ipo, au mmeila yote?"

Alikuwa mtani wake Kunegunda, mwanamke wa Maposeni. Kazi yake ilikuwa kumsaidia Sista kugawa dawa misheni, Peramiho.

"Ngoja, Mngoni. Mke wangu anasikia nyuki."

Kunegunda akaingia mbio. "Dada, masikio yanalia?"

"Kama mzinga."

"Na tumbo?"

"Linawaka."

"Chande, rudisha hivyo kwenye chupa! Amemeza vingapi?"

"Saba. Dawa si nzuri? Nikaona ikizidi itafaa zaidi."

"Chumvi nayo ni nzuri. Mboga yako unaitia gunia zima? Karatasi ya chupa iko wapi?"

Chande akaonyesha tumbo la mkewe.

Kunegunda alitaka kucheka, akashindwa. "Jamani! Mmeyanywa maneno, hamkuyasikia." Akaigeuza chupa kwenye mwanga. "Bahati yenu, jina limo kwenye kioo. Hii tunayo. Karatasi yake Sista amenisomea mpaka naiota. Isingekuwa na jina, ningesema itupwe. Haya, machela! Twende naye kwa Sista."

Tulimbeba mimi na Chande kwa zamu na majirani, ukungu ukitufungukia mbele na kujifunga nyuma. Njia nzima Mwamvua alizungumza na Sefu. Chande alimwita jina lake kila hatua, asije akamfuata kaka yake.

Siku ya nne alirudi kwa miguu yake.

Kunegunda alikuja tena. Alitamka maneno ya karatasi ya Sista, na Chande, ambaye husoma herufi za Kiarabu tu, akayaandika kwenye karatasi mpya kutoka kulia:

"Ya maumivu. Kidonge kimoja, baada ya kula, na maji mengi. Kwa siku visizidi vitatu. Mtoto asipewe. Masikio yakilia, acha, nenda misheni."

"Na kombe?" Chande aliuliza.

"Kombe lina heshima yake. Karatasi hii kazi yake kusomwa."

Chande akaibandika kwenye chupa kwa uji wa muhogo, akaitundika chupa juu darini, mbali na mkono wa Tabu, binti yao.

Maboga yalipochanua, kichwa kilianza tena kumuuma Mwamvua. Chande akaishusha chupa.

"Soma kwanza," mkewe alisema.

Akasoma, kidole kikifuata mstari. "Umekula?"

"Nimekula."

Akampa kimoja, na kata nzima ya maji. Akakaa karibu naye, roho juu.

"Mama Tabu. Nyuki?"

Mwamvua akasikiliza kwa muda mrefu.

"Wapo," alisema. "Wapo nje, kwenye maua ya maboga."